Njia Kuu ya Wasio na Kazi

Kituo chenyewe hakikujengwa. Naanza na hilo ili asije mtu akasoma hadi mwisho akitafuta siku ya uzinduzi, utepe na ngoma. Kilichojengwa ni ukuta, na hata huo haukufika mwisho kwa sababu saruji iliadimika. Lakini kazi ya kukipanga kituo hicho niliifanya mimi na wenzangu kwa karibu mwaka mzima, na kuna kipande chake ambacho kila nikikikumbuka damu inanichemka, ingawa sasa ni bibi mwenye wajukuu na nilipaswa kuwa nimeshatulia.

Ilikuwa miaka ile soko jipya la Kariakoo lilipokuwa bado linanuka saruji. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya mipango mjini, ghorofa ya pili, chumba chenye feni isiyozunguka. Tuliambiwa treni ya wafanyakazi inakuja. Itatoka Pugu asubuhi, itapita kwenye viwanda, na kabla ya kufika stesheni kuu itasimama mara moja nyuma ya Gerezani, pale reli inapoitenga Keko na Kariakoo. Kituo kidogo tu: jukwaa la zege, paa la mabati, chumba cha tiketi. Pamoja nacho kungekuwa na daraja la watu wa miguu la kuvukia reli. Daraja hilo lisimame wapi, ndilo swali tuliloachiwa sisi wa ngazi ya chini, kwa kuwa wakubwa hawakuwahi kuvuka reli ile kwa miguu yao.

Kwangu mimi halikuwa swali la ofisini. Mama yangu alikuja mjini kutoka kusini, Newala, nikiwa mgongoni mwake, akapanga chumba Keko, na tangu hapo kila asubuhi alivuka reli hiyo akiwa na ndoo ya vitumbua kichwani kwenda kuuza kona ya Msimbazi. Alikuwa na goti bovu. Kupanda lile tuta la kokoto kulimchukua muda, na mabehewa ya mizigo yalikuwa yanasukumwa kinyumenyume bila honi wala taa. Mwanamke wa nyumba ya nne kutoka kwetu alikatwa mguu pale, akiwa na sinia la karanga. Kwa hiyo nililitaka daraja penye njia ya Keko, nililitaka kwa ajili ya mama yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Kulikuwa na uwezekano wa pili: kulijenga mbali zaidi, kwenye barabara ya maghala, mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Ili kuchagua kati ya pale na huku, ikabidi watu wahesabiwe.

Mkuu wa kitengo chetu alitukabidhi fomu. Alikuwa ameitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza na alijivunia kwamba haina hata neno moja la mkoloni. Ilikuwa na safu nne: saa, anakotoka, anakokwenda, kazi. “Andikeni jibu kama lilivyotoka mdomoni,” alisema. “Msitie chumvi.” Mimi nikaomba nipangwe kwenye tundu la uzio ambako wanawake wa Keko hupenya kuingia upande wa Kariakoo. Nilijua watakuwa wengi kuliko wa maghala, na nikahesabu kwamba nimeshashinda.

Wa kwanza kupenya alikuwa na sinia la mihogo. Nikamwamkia, nikamuuliza kazi yake ni nini. Akacheka. “Kazi nitoe wapi, mwanangu? Nahangaika tu.” Nikaandika: hana kazi. Wa pili alikuwa na ndoo ya samaki, amekwishafika Feri na kurudi, amekaanga, na sasa anakwenda kuuza. “Sina kazi, dada. Natafuta riziki.” Hana kazi. Wa tatu alikuwa na mzigo wa mikeka uliomzidi kimo. “Mimi niko nyumbani tu,” akasema, na mimi namwona kwa macho yangu kwamba hayuko nyumbani. Hana kazi.

Lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wote wana kazi, hata anayeuza soksi mbili atakwambia ni mfanyabiashara. Wakati ule, katika mji wetu, kazi ilikuwa kuajiriwa. Kazi ina bosi, ina kitambulisho, ina mwisho wa mwezi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kutwanga mchele, akapika, akabeba, akauza, akarudi kupanga foleni ya mafuta ya kupikia ili kesho aanze tena, huyo hana kazi. Anahangaika. Wanawake wale hawakunidanganya na wala hawakujidharau. Walijibu Kiswahili sahihi cha mtaa wao, nami nililijua neno hilo tangu utotoni, na bado nikaliandika kama fomu ilivyotaka. Wakati huohuo vijana waliovuka mikono mitupu, wanaokwenda kukaa kwenye benchi la ofisi fulani wakisubiri kutumwa chai, walitoa kifua mbele wakasema, “Mfanyakazi.” Nao nikawaandika.

Mama alifika saa moja na nusu. Aliponiona na ubao wangu wa kuandikia akarekebisha kanga, akavaa sura ya mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Niulize na mimi.”

“Mama, mimi nakujua.”

“Niulize. Wenzako wale wanatuangalia. Usije ukaambiwa unapendelea.”

Nikamuuliza. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa reli kwamba hana kazi, anahangaika na vitumbua. Kisha akaninong’oneza: “Andika hivyohivyo. Nisije nikakuponza.” Akanipa vitumbua viwili kwenye kipande cha gazeti akaenda zake akichechemea. Nami nikaandika. Mwanamke aliyenisomesha kwa vitumbua hadi nikajua kuandika maneno hayo, nikamwandika hana kazi, kwa mwandiko mzuri, kisha nikala vitumbua vyake.

Wiki mbili baadaye tuliitwa kusikiliza matokeo. Mkuu alisimama mbele ya ubao na chaki yake. Wenye kazi, alisema, wengi wanapita barabara ya maghala. Njia ya Keko inatumiwa na wasio na kazi. Treni ni ya wafanyakazi, kwa hiyo daraja litajengwa kwenye maghala, na njia ya Keko itazibwa kwa ukuta, kwa usalama.

“Ndugu mkuu,” nikasema, “wale wa Keko wanakwenda sokoni kuuza vitu.”

“Walisema wana kazi?”

“Hapana, lakini…”

“Huu ni mwandiko wa nani?”

Ulikuwa wangu. Akaweka fomu chini taratibu, wala hakuwa na ubaya wowote usoni. “Asiye na kazi hana anakowahi, ndugu. Anaweza kuzunguka.”

Anaweza kuzunguka! Miaka yote hii nimelibeba neno hilo. Ningependa kumwona yeye na suruali yake ya kupigwa pasi akizunguka robo saa kwenda na robo saa kurudi, ndoo kichwani, goti limevimba, jua la Dar es Salaam likimwangalia. Alikuwa anazungumza habari za wanyonge kila Jumatatu kwenye mkutano wa tawi, na nadhani aliwapenda kweli, ili mradi wasipite mahali alipotaka kujenga. Na mimi? Nilikaa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na ajira ya kudumu, na nyumbani kwetu ajira hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye fremu, yaani barua yenyewe, chini ya kioo. 

Lakini hasira ilinipa akili, au nilidhani ni akili. Kwa asubuhi nne, kabla ya kwenda ofisini, nilisimama pale penye tundu nikahesabu vichwa bila kuuliza mtu swali lolote. Niliandika wanaopita kila robo saa. Walikuwa wengi kupindukia, na karibu wote walipita kati ya saa moja na saa mbili kasorobo, kwa sababu wanunuzi wa chai ya asubuhi Kariakoo hawangoji. Nikawaza: mkuu anapenda ramani. Nitampa ramani ambayo hata kipofu ataiona.

Mchoraji wetu alikuwa Mhindu wa makamo, mzaliwa wa Kisutu. Ndugu zake wengi walikuwa wameshahama nchi, yeye amebaki na kalamu zake. Kwenye saa ya chakula cha mchana, siku tatu mfululizo, alinichorea reli, uzio, tundu, vichochoro vya Keko upande mmoja na mitaa ya Kariakoo upande mwingine, na katikati mstari mwekundu mnene kupita barabara yoyote kwenye karatasi ile. Alipofika mwisho akauliza mstari huo auandike jina gani.

Nikafikiri. Ningesema njia ya wachuuzi, mkuu angeuliza wachuuzi wametoka wapi, wakati fomu hazina mchuuzi hata mmoja. Angeitupa. “Andika kama fomu zinavyosema,” nikamwambia. “Njia kuu ya watu wasio na kazi. Na chini yake andika saa wanazopita.”

Akashika kalamu bila kuiteremsha. “Dada, ramani ikishatoka kwenye meza hii, wewe huendi nayo. Watakachosoma ni haya maneno tu.”

“Andika, kaka. Akiona wingi wao atakosa la kusema.”

Akaandika. Alikuwa na herufi nzuri, za kusimama wima, za kuheshimika. Yeye alinionya na mimi sikusikia, na ninalisema hapa kwa sababu hakuwahi kunikumbusha hata siku moja.

Mkuu aliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Akafuata mstari mwekundu kwa kidole, akasoma maneno, akasoma saa. “Hii ni kazi safi sana,” akasema, na akaagiza nakala tatu. Nilifurahi kama mwehu. Jioni nyumbani nilimwambia mama kwamba daraja linakuja, tena penye njia yao. Akaniuliza litakuwa na ngazi ngapi. Nikasema sijui, lakini nitawaambia wazifanye fupifupi kwa ajili ya goti. Akasema basi na wapachike chuma cha kushikia, upande wa kushoto, maana mkono wa kulia unashika ndoo. Nikaandika hilo kwenye daftari langu. Kesho yake asubuhi akawaambia wenzake, na kuanzia siku hiyo wanawake wa Keko wakawa wananiita mwanetu wa daraja.

Mwezi uliofuata redio ilianza kuzungumza juu ya wazururaji. Mji umejaa watu wasio na kazi, ilisema, wakati mashamba yanangoja mikono. Watarudishwa vijijini wakalime. Mimi nilisikia nikakubali. Ndiyo, nilikubali, sitaki kujifanya mtakatifu. Niliwafikiria wacheza kamari wa Mnazi Mmoja. Sikumfikiria mama. Neno nililokuwa nimeliandika mara mia kwa mkono wangu lilipita sikioni mwangu kila saa ya taarifa ya habari na sikulitambua.

Ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, alinijia ofisini bila viatu. Akanieleza akihema. Saa moja na robo malori mawili yalikuja kusimama upande wa Gerezani, palepale penye tundu. Wanawake walikuwa wanapenya mmojammoja, wameinama, mkono mmoja kwenye ndoo, na kila aliyeinuka alikuta mtu wa kumshika. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu kwa sababu ya tuta, kwa hiyo waliendelea kuja. Kufika saa mbili kasorobo malori yamejaa na yameondoka kuelekea uwanja wa mpira. Yeye alipona kwa sababu cherehani ilimchelewesha. Mama alikuwa wa katikati.

“Hata hawakuzunguka mtaani,” akasema. “Walikuja hapo tu. Utadhani walialikwa.”

Sikuhitaji kufikiri. Saa moja hadi saa mbili kasorobo: nilizijua saa hizo. Nikaingia kwa mkuu bila kubisha hodi, nikamuuliza nakala za ramani ziko wapi. Alishangaa, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alishangaa kweli. Moja iko kwenye faili, akasema. Nyingine mbili waliziomba watu wa kampeni ya wazururaji. “Ilikuwa imeandikwa wazi, ndugu. Njia kuu ya watu wasio na kazi. Sasa mimi ningewanyima kwa nini?”

“Mama yangu yumo.”

“Mama yako ana kazi?”

Ningependa kuandika kwamba nilimmwagia wino. Nimeshawasimulia wajukuu hivyo mara mbili na walicheka. Ukweli ni kwamba nilitoka, nikachukua kitambulisho changu, nikaenda uwanja wa mpira walikowekwa.

Kulikuwa na meza moja chini ya jukwaa, na nyuma yake ofisa kijana. Karatasi zake alikuwa amezikandamiza kwa jiwe zisipeperuke, na ya juu kabisa ilikuwa ramani yetu. Nilizijua herufi nikiwa bado mbali.

“Mama yangu amekamatwa kwa makosa,” nikamwambia. “Anafanya kazi. Anapika vitumbua, anauza Msimbazi.”

“Ana barua ya mwajiri?”

“Hana mwajiri.”

“Basi hana kazi, ndugu.” Alikitazama kitambulisho changu, uso wake ukalainika. “Kumbe unatoka ofisi ile. Mmeturahisishia sana. Sehemu nyingine tunashinda kutwa nzima tunapata watu kumi.”

Nilimsihi. Nilisema mengi, mengine ya kipumbavu. Nilisema nitamlisha mimi mwenyewe, nitamfungia ndani. Akasema orodha imeshafungwa. Sikumchukia sana yule kijana. Chuki yangu yote ilikuwa imeshapata wenyewe, mmoja amekaa ghorofa ya pili na mwingine amesimama pale mbele ya meza akitoka jasho.

Walipelekwa kijiji kimoja cha bara ambako hakuna aliyejua hata lugha ya kwao Newala. Mama alikaa huko misimu miwili ya kilimo, kisha akarudi Keko kwa njia anazozijua yeye, amekonda, akatafuta ndoo nyingine. Alikuta ukuta umejengwa nusu na wenzake waliosalia wamekwishautoboa. Huo mwaka na kitu nimewasamehe wakubwa kwa shida, kwa kuwa yeye aliwasamehe. Nisichoweza kusamehe ni yale ya uwanjani, na hayo hayamhusu mkubwa yeyote.

Nilimkuta amekaa kwenye nyasi nyuma ya kamba, miguu ameinyoosha kwa sababu ya goti. Alikuwa ameifungua ndoo na anawagawia wenzake vitumbua, kwani sasa hakukuwa na wa kumuuzia. Wengine walikuwa wanalia. Mmoja alikuwa anawaambia wote, tena na tena, kwamba lazima yupo mtu wa Keko aliyewauza, na akimjua atamtafuna mbichi.

Nikachuchumaa karibu na mama. Akanipa kitumbua kabla hajasema neno.

“Walijuaje saa yetu?” akaniuliza.

“Mama, ni mimi.” Nikakiweka kitumbua kwenye nyasi. “Mimi ndiye niliyeichora njia. Niliandika na saa. Nilitaka wajenge daraja.”

Aliniangalia.  Nilitaka anipige, nakwambia kweli, ningeshukuru kofi. Badala yake alinishika kidevu kama nina uchafu wa kufutwa, akasogea hadi mdomo wake ukagusa sikio langu.

“Nyamaza,” akasema. “Usiwaambie hawa. Unabaki na watoto wao mtaani, utaishi nao vipi?”

Kisha akainuka, akishikilia bega langu, akawageukia wenzake na kupaza sauti. “Jamani, mwanangu ameacha kazi ofisini amekuja kututetea. Amegombana na wakubwa kwa ajili yetu.”

Wakaja. Walikuja wote hadi kwenye kamba, hata yule aliyetaka kumtafuna mtu, wakawa wananishika mkono mmoja baada ya mwingine. Ahsante, mwanetu. Mungu akuzidishie. Utuangalizie watoto. Mama alisimama pembeni yangu akihakikisha naitikia. Nami nikaitikia kila mmoja, nikawapa mkono wote, hadi wa mwisho.